Bei ya Januari Moja

Jumatatu, 2 Desemba

Goti la kushoto limeamka kabla yangu. Kahawa, kidonge, kahawa tena. Mke wangu Nurys anasema mwanamume aliyechuchumaa miaka ishirini nyuma ya wapigaji wa besiboli hana haki ya kulalamika akifika sitini na sita. Nimemwambia silalamiki, naandika tu. Akasema ni kitu kilekile.

Jana tumefungwa tena. Tano kwa mbili. Tuko wa nne, na wanaoingia raundi ya Januari ni wanne. Tunaning'inia kwa kucha. Mrushaji wetu wa kwanza bega limevimba. Wa pili ameitwa na Wamarekani wake — mkono upumzike, wanasema, hatuombi, tunawaarifu. Ndivyo ilivyo ligi yetu, inayoitwa ya baridi kwa sababu ya baridi ya Wamarekani. Vijana ni wetu, wanacheza mbele ya mama zao, lakini mikono yao ina wenyewe huko Marekani.

Saa nne Ivelisse kaniita ofisini. Mwaka wa tatu huu yeye ndiye meneja mkuu wa Manatíes, timu yetu ya Barahona, na bado sijazoea kuwa na bosi aliye rika la binti yangu. Kafunga mlango. Mlango ule haufungwi hata siku moja, joto haliruhusu, kwa hiyo nikajua kuna jambo.

Timu ya Moca wamepiga simu. Wanamtaka Darlin. Wanamtoa Eusebio Mancebo.

Nilitazama feni. Inazunguka, haipepei.

Mancebo, miaka thelathini na minane, kumi na moja kati ya hiyo kwenye ligi kuu ya Marekani. Mrushaji ambaye akipanda tu kwenye kichuguu cha kurushia uwanja mzima unashusha sauti. Sasa hana timu kule, maana yake hakuna wa kumpigia simu apumzike. Atarusha Januari yote. Moca wako mkiani, Januari hawana kazi naye.

Darlin Cuevas, miaka ishirini. Anasimama kati ya kituo cha pili na cha tatu, pale mipira inapokuja kwa hasira, naye anaidaka kana kwamba aliiagiza dukani. Nilimwona mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na minne, kwenye kiwanja cha nyuma ya kiwanda cha sukari, mawe mengi kuliko nyasi. Aliyejifunza kudaka pale hashangazwi na mpira wowote. Nilipiga kelele kwenye kikao mpaka tukamchagua wa kwanza. Kazi yangu ni kutafuta vipaji, na katika miaka yote hii nimepata kimoja cha kweli. Ni yeye.

Kura ni tatu: Ivelisse, Medrano kocha, na mimi. Ivelisse hataki. Medrano anataka tangu jana. Inabaki yangu. Mwisho wa kubadilishana wachezaji ni Ijumaa ya tarehe kumi na tatu, saa kumi na mbili jioni.

Nimemuuliza kwa nini mzigo huu niubebe mimi. Akafungua mlango. Sote tunajua kwa nini.

Jumanne, 3 Desemba

Nywele zimebaki za kuhesabu, lakini Jumanne ni ya Chago kinyozi, na mtu haachi desturi kwa sababu ya upara.

Pale kwenye kioo cha Chago pana picha mbili. Moja ya Bikira Maria, Mama Yetu wa Altagracia. Nyingine ya Fausto Segura akiwa na miaka kumi na tisa, sare ya Manatíes, mdomo wazi, anacheka. Nanyolewa chini ya picha hiyo miaka thelathini na moja.

Desemba 1988. Manatíes walimtoa Fausto, mtoto wa hapahapa Barahona, wakamchukua mdakaji mzee wa miaka thelathini na mitano kutoka Moca. Mdakaji mwenyewe ni mimi. Januari tukachukua ubingwa. Ubingwa wa kwanza na wa mwisho. Kisha Fausto akaenda Marekani, akapiga mipira nje ya viwanja vyote vya kule kwa miaka kumi na minne, na kila Desemba akirudi alichezea Moca. Alitupiga sisi! Alitupiga kwa furaha.

Ubingwa hapa watu hawautaji. Wanamtaja Fausto. Mtu akinunua friji mbovu mtaani anaambiwa umemtoa Fausto.

Leo Chago alikuwa na wateja wawili wanabishana kama kawaida. Mmoja anasema kombe ni kombe. Mwingine anasema kombe liko kabatini lina vumbi, Fausto angetupa makombe matano. Chago akawaambia watu wazima msigombane mbele ya bidhaa. Bidhaa ni mimi. Wakacheka, nami nikacheka. Nimeshacheka sana kwa kichekesho hicho.

Hawajui bado kuhusu Darlin. Wakijua watachoma kile kiti nikiwa nimekikalia.

Jumatano, 4 Desemba

Mvua. Mechi imeahirishwa. Nimelala mchana kutwa kama mgonjwa.

Ijumaa, 6 Desemba

Tumeshinda. Darlin kadaka mpira mmoja mzunguko wa nane — sitaueleza, sina maneno. Alikuwa ameshaupita, mwili unakwenda huku, mkono ukarudi peke yake. Uwanja ulisimama. Bibi yake, Bi Mencía, yuko palepale alipo kila mechi, nyuma ya uzio upande wa kituo cha tatu, na kapu lake la samaki wa kukaanga. Hakusimama. Alikuwa anamchagulia mteja samaki. Yeye mdako wa mjukuu wake hauangalii, anausikia.

Baada ya mechi Darlin alinisubiri kwenye gari langu. Gari halifichiki: la kijani, mlango mmoja mweupe, tangu ajali ya Azua. Aliingia, akakaa kimya. Kwa kawaida ana maneno mpaka unamwomba apumue.

Akaniambia Wamarekani wake wamepiga simu. Mwisho tarehe ishirini na mbili. Hachezi Januari. Wanataka afike kwao Februari akiwa mzima, na mkataba unawaruhusu. Akaniomba nisimwambie Ivelisse wala kocha. Labda watabadili mawazo, alisema. Labda nikicheza vizuri sana wataona aibu kunizuia.

Mtoto wa watu. Wakati akicheza vizuri ndipo wanapozidi kumzuia! Yai la dhahabu halichezewi.

Nilimwambia sawa, halitatoka kwangu. Ahadi iliniponyoka tu. Akanishukuru, akashuka, akagonga bati la mlango mweupe mara mbili kwa bahati, kama anavyofanya siku zote.

Sasa nimekaa nalo. Kama hachezi Januari, basi tunashikilia nini? Tunashikilia miaka kumi ijayo. Na Wamarekani wakimpandisha ligi kuu hiyo miaka kumi nayo itakuwa wiki tatu kila Desemba, wakipenda. Ivelisse angejua, sijui kura yake ingebaki palepale. Medrano angejua, angempeleka Moca mwenyewe, kwa miguu.

Jumapili, 8 Desemba

Misa. Nimesinzia kwenye mahubiri, Nurys kanifinya.

Medrano alikuja nyumbani baada ya chakula, bila kupiga simu, na chupa ya ramu, ingawa anajua sinywi tena. Kwa hiyo akainywa mwenyewe. Ni mtu mwema, Medrano. Kafundisha timu nne na zote zimemfukuza kabla ya Krismasi. Anasema hajawahi kusimama uwanjani mwezi wa Januari isipokuwa amekata tiketi. Ana miaka hamsini na nane. Mzee Leo — ndivyo wanavyofupisha Leocadio — mwenye njaa hana miiko, alisema. Nipe Mancebo. Kesho ya Darlin nitaililia kesho.

Nikamwambia Mancebo ni mzee. Akasema ng'ombe hazeeki maini. Akanitazama, akaongeza kwamba mimi ningepaswa kuwa wa kwanza kulijua hilo.

Jumanne nitakwenda Moca. Siwezi kupigia kura mkono ambao sijaudaka.

Jumanne, 10 Desemba

Nimeandikia hapa Moca, kwa dada yangu, mkono wa kushoto kwenye beseni la maji ya barafu. Daftari halina wa kulishika, mwandiko utasamehewa.

Saa sita nzima njiani. Nilitoka kabla ya jua. Kwa vipimo vya kasi wanavyovishika vijana siku hizi mimi sina neno, vinasema kweli, ila vinasema neno moja tu. Mpira wa mrushaji unausoma kwa kiganja. Kuna mpira unaofika na uzito wake wote, unakusukuma. Kuna unaofika kwa kasi ileile lakini mtupu, kama barua isiyo na kitu ndani. Mrushaji akifa mkono, kasi inabaki mwezi mzima bado. Uzito ndio unaokwenda kwanza. Hili nimemweleza Ivelisse mara kumi. Kila mara anauliza uzito unapimwa kwa nini. Kwa kiganja, mama! Hana pa kukiandika kwenye kompyuta yake.

Nani aliniruhusu kuingia uwanjani? Fausto Segura. Ndiye mkuu wa wachezaji wa Moca sasa, miaka hamsini, tumbo, miwani. Mimi wa Moca ninaishi Barahona, yeye wa Barahona anaishi Moca. Tumesalimiana mara nyingi kwenye sherehe, mbele ya kamera, na hatukuwahi kukaa peke yetu. Aliponiona nashuka garini na glavu yangu ya zamani kwapani, akacheka hadi akavua miwani.

"Unataka kumdaka mwenyewe? Goti litakubali?"

"Goti halikuulizwa."

Nikachuchumaa. Nilisikia sauti ya goti, na Mancebo naye, umbali wote ule, aliisikia. Akauliza kama tuite gari la wagonjwa sasa au baadaye.

Mipira ishirini. Kumi na mbili ya kwanza — Mungu wangu. Uzito wote upo. Kiganja kiliwaka mpaka kwenye kiwiko na mimi nilitaka kulia, si kwa maumivu. Nilikuwa na miaka thelathini na mitano kwa dakika sita. Wa kumi na tatu ukafika mtupu. Wa kumi na nne mtupu. Mancebo akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa. Wa kumi na tano ukarudi na uzito, lakini niliona bei yake usoni.

Alikuja mpaka kwangu kuninyanyua. Akanong'ona kabla sijasema kitu. Bega, tangu Novemba. Hakuna anayejua, hata mke wake. Anazo mechi tatu ndani yake, labda nne, zikipangwa mbalimbali. Moca hawatampa hata moja yenye maana. "Mzee, nimerusha miaka ishirini na sijawahi kuwa bingwa wa nyumbani," alisema. "Nipelekeni. Nitaziweka zote tatu mezani kwenu."

Siri nyingine, nami nikaahidi kuitunza. Wananiona kabati.

Kisha Fausto alinipa kahawa chini ya jukwaa. Tulikaa. Nilimuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza: alisikiaje, mwaka ule.

Kwa redio, alisema. Alikuwa dukani kwa jirani ananunua mafuta ya taa ya mama yake. Mtangazaji akasoma jina lake, na watu wote dukani wakamgeukia, na yeye akiwa na chupa mkononi. Hakuna aliyekuja nyumbani. Hakuna aliyepiga simu. Kesho yake basi lilimchukua, akalia mpaka Azua, Azua akanunua chungwa. Fausto anasema tangu hapo kila mpira aliowapiga Manatíes alikuwa anampigia yule mtangazaji, na mtangazaji masikini hakuwa na kosa lolote.

Nikamwambia mimi nililia pia, kutoka Moca mpaka Baní. Hakujua. Akasema ajabu, pengine mabasi yetu yalipishana.

Kuhusu Januari aliuliza waziwazi: kijana atacheza? Nikamwambia awaulize Wamarekani. Akatabasamu — anajua. Moca hawamhitaji Januari hii, wanamhitaji miaka ijayo na wana subira. Yeye hakuniuliza bega la Mancebo na mimi sikumwambia. Nikifikiri sasa, naye pengine anajua. Pengine sote wawili tumeshika gunia, na ndani mna mbuzi, na kila mmoja anajua mbuzi wake ana kilema gani.

Wakati wa kuagana alinishika mkono uliovimba, akaubonyeza makusudi.

"Ukimtoa, mwambie wewe. Uso kwa uso, bibi yake akiwepo. Asisikie redioni."

Nikaahidi. Ahadi tatu ndani ya siku tano. Katika umri huu.

Jumatano, 11 Desemba

Nimerudi. Mgongo, goti, kiganja. Nurys kanipaka dawa bila kusema neno, na hilo ni baya kuliko maneno. Mwishowe aliuliza jambo moja: kama mwaka ule Manatíes wangemwacha Fausto abaki, sisi wawili, mume na mke, tungekutana wapi? Nikasema tusingekutana. Akaendelea kupaka.

Niandike hapa, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma: ubingwa ule nilikuwa na furaha wiki mbili. Nurys nimekuwa naye miaka thelathini. Basi ninaweza kusema ubadilishaji ule ulikuwa mbaya? Kwa nani?

Alhamisi, 12 Desemba

Nimezitoa siri zote mbili.

Sikulala vizuri, nikaamka nimeamua: kura ya mtu aliyeficha mambo si kura, ni wizi. Asubuhi, kabla ya ofisi, nilimpigia Darlin nikamwambia naenda kusema la Januari, siwezi tena. Akasema sawa, mzee. Hakuniuliza kwa nini nasema leo na si juzi. Sikumwambia habari za Moca. Hapo nilikuwa mwoga, naandika kama ilivyo. Mancebo nilimpigia pia. Yeye alitukana kidogo, kisha akasema afadhali.

Halafu nikakaa mbele ya Ivelisse na Medrano nikamwaga yote. Darlin hatakuwepo Januari. Mancebo ana mechi tatu.

Feni.

Nilidhani dunia itageuka. Ivelisse akaandika namba zake upya pale pale, akazitazama, akasema bado hapana: huwezi kutoa miaka kumi ya kijana, hata iwe ya vipande vipande, kwa mechi tatu za bega bovu. Medrano akasema bado ndiyo: tatu zinatosha, fainali haishindwi na mtu mmoja, inafunguliwa na mtu mmoja. Walisemezana kwa heshima nusu saa na hakuna aliyesogea hata unyayo. Niliwasaliti watu wawili asubuhi moja na hakuna aliyehama!

Ivelisse alinisindikiza mpaka kwenye gari. Pale ndipo alipojibu swali langu la Jumatatu.

"Watu wote hapa wanajua kumtoa kijana ni nini," alisema. "Kuwa yule mzee aliyeletwa, ni wewe peke yako unayejua. Niambie kama ilistahili, mzee Leo. Nitafuata neno lako na sitakulaumu."

Hatanilaumu yeye. Mji je?

Nitakwenda kwa Bi Mencía kesho jioni, kabla ya saa kumi na mbili. Nikisema ndiyo, nitaisemea pale.

Ijumaa, 13 Desemba

Saa kumi na moja na dakika tano jioni. Naandika kwenye daftari la kazi, nimekaa barazani kwa Bi Mencía. Nitanakili baadaye, au nisinakili.

Redio imenitangulia.

Saa sita mchana mtangazaji kasema: Darlin Cuevas kwenda Moca, Mancebo kuja kwetu, imekwisha, bado sahihi tu. Kajuaje? Gari langu. Gari langu la mlango mweupe. Dereva wa lori la ndizi wa hapahapa Barahona alipeleka mzigo Moca Jumanne, akaliona nje ya uwanja, akarudi nalo mdomoni. Ilichukua siku tatu kutoka kwenye ndizi mpaka redioni. Mji mzima unalijua gari lile, na mimi mjinga nikaliendesha saa sita kwenda kufanya jambo la siri. Basi la abiria lilikuwepo! Goti ndilo lililokataa basi.

Nimemwahidi Fausto kitu kimoja tu.

Nilipofika Darlin alikuwa ameshafungasha. Begi moja, glavu juu yake. Ameketi kwenye kiti cha plastiki, redio kwenye dirisha nyuma ya kichwa chake, bado inamzungumza. Mteja mmoja wa Chago amepiga simu huko, analia hewani, anasema wametutolea Fausto wa pili. Darlin aliniamkia vizuri. Shikamoo yake ya kila siku. Hilo ndilo lililonivunja.

Nikamwambia haijaisha. Kura yangu haijatoka. Nikamwambia na ya Moca yote, nilivyomdaka Mancebo, alichosema Fausto, duka, mafuta ya taa. Alisikiliza. Akauliza Fausto alinunua nini Azua. Chungwa, nikasema. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeweka akiba.

Kisha akaniuliza: "Ile siku mlipochukua ubingwa, mzee, ilikuwaje?"

Nilikumbuka vumbi, na mtu kunipandia mgongoni, na goti. Nikamwambia nilitamani mama yangu angeona, na alikuwa Moca. Akasema bibi yake huwa haangalii hata akiwepo. Tukacheka kidogo.

Bi Mencía katoka jikoni na sahani, samaki na ndizi za kukaanga, kaiweka mapajani mwangu bila kuuliza. Kula kwanza. Nimekula. Samaki mzima, maana yeye alisimama palepale na mikono kiunoni.

Akaanza kusema mwenyewe, taratibu, hakunigombeza. Mwaka ule walipomtoa Fausto, yeye mwenyewe alikuja uwanjani mechi yangu ya kwanza, akanitukana kupitia uzio mizunguko yote tisa, mimi na mama yangu na Moca nzima. Namkumbuka. Sikujua ni yeye. Na usiku wa ubingwa, anasema, alicheza barabarani mpaka viatu vikakatika, akaenda nyumbani peku, na hajawahi kufurahi hivyo tena, hata siku ya arusi. "Aliyetukana ni mimi na aliyecheza ni mimi," alisema. "Sasa unataka nikuambie nini?"

Nikasema sikuja kuomba ruhusa. Nimekuja ili wasisikie kwa wengine. Nimechelewa.

Akachukua sahani. Akaitazama mifupa, kama anahakikisha nimemaliza.

"Leocadio, kama ni la kusema anabaki, ungepiga simu."

Amerudi jikoni. Naandika hapa ili mikono ipate kazi. Saa kumi na moja na nusu. Darlin ameshika glavu yake, anaikunja, anaikunjua. Mtangazaji anauliza wasikilizaji kama mzee Comprés anaweza kulala usiku. Comprés ni mimi. Nalala vibaya, bwana, asante.

Mechi tatu. Medrano uwanjani Januari bila tiketi. Mancebo kwenye kichuguu chetu, uwanja umeshusha sauti. Na kijana huyu pale Moca miaka kumi, anadaka mipira yetu, na kinyozi mwingine atabandika picha nyingine kwenye kioo, na mimi chini yake. Au anabaki, na Januari tunaitazama kwa televisheni, sote, yeye kutoka huko kwenye jua la Wamarekani na sisi hapa, na mwakani tunasema mwakani.

Ilistahili? Ivelisse kauliza kama ilistahili. Kwangu ilistahili. Sina uhakika kama hilo ni jibu au ni aibu.

Saa kumi na moja na dakika arobaini. Ivelisse anasubiri neno langu, na simu inaita. Ni yeye.

Bi Mencía amesimama mlangoni na taulo la mikono. Darlin ameinuka, amenyoosha mkono mpaka dirishani, amezima redio ili nisikie vizuri.